Bei ni ya Siku Moja, Gharama ni ya Kila Siku: Gari la Umeme na Gari la Petroli Mizanini

Ifikapo jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, Wakenya wengi hutega masikio. Siku hiyo ndipo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei za mafuta zitakazotumika hadi siku kama hiyo ya mwezi unaofuata. Mwenye gari dogo husikiliza akiwaza safari ya kazini. Mwenye matatu husikiliza akiwaza nauli. Mwendeshaji wa bodaboda husikiliza akiwaza unga. Mnamo Oktoba 2023, lita moja ya petroli jijini Nairobi ilifika shilingi 217.36, bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana nchini. Mwaka 2025 bei hiyo ilikuwa ikipanda na kushuka baina ya takribani shilingi 174 na 187. Nafuu iliyopatikana ni ile ya mgonjwa aliyeondolewa chumba cha mahututi akalazwa katika wodi ya kawaida: bado yumo hospitalini.

Hali hiyo ndiyo iliyolipa gari la umeme nafasi katika mazungumzo ya Wakenya. Wanaoliuza husema kuwa ni rahisi kuliendesha. Wanaolipinga hujibu kuwa ni ghali kulinunua. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo sababu mjadala wao hauishi. Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Haifai kuuliza tu ni gari lipi lililo rahisi. Yafaa kuuliza ni rahisi kwa nani, na kwa mwendo wa kilomita ngapi. Likiulizwa hivyo, jibu linalojitokeza ni chungu kidogo: umeme humfaa zaidi anayetembea mwendo mrefu kila siku, na aghalabu huyo ndiye asiye na uwezo wa kuununua mtambo wenyewe.

Bei si gharama

Kiswahili kilikwisha kuyatenganisha mambo haya mawili zamani, kabla ya gari la umeme kufika. Bei ni kile kinachotajwa dukani, kikapatanwa, kikalipwa, yakaisha. Gharama haina mwisho wa namna hiyo. Humfuata mnunuzi hadi nyumbani. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, ambako hutumika kwa maana ya faini, na kila aliyewahi kumiliki gari ataitambua maana hiyo pasipo kufunguliwa kamusi. Wahenga nao walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Gogo la mshahara haliishi kwa shoka moja la kununulia gari tu. Huisha pia kwa vijibanzi vya kila asubuhi kwenye kituo cha mafuta.

Kwa upande mwingine, neno rahisi lina mtego wake. Huweza kuwa na maana ya kitu cha bei ya chini, na pia kitu kisicho kigumu. Tangazo linaposema kuwa gari fulani ni rahisi, msikilizaji huzipokea maana zote mbili kwa pamoja, ilhali huenda moja tu ndiyo ya kweli. Kwa hiyo ni heri hesabu ipigwe waziwazi.

Hesabu ya kilomita mia moja

Na ichukuliwe mifano miwili ya kawaida. Gari la petroli lenye injini ya 1500 cc, likiendeshwa mjini, laweza kwenda kilomita 12 kwa lita moja. Ili liende kilomita 100 litahitaji lita 8.3. Iwapo lita moja ni shilingi 180, safari hiyo itagharimu shilingi 1,500. Gari la umeme la ukubwa kama huo hutumia takribani uniti 17 kwa kilomita 100, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Iwapo mwenye gari anachaji nyumbani na kulipa takribani shilingi 30 kwa kila uniti, kodi zikiwa ndani, safari iyo hiyo itamgharimu shilingi 510. Kwa hiyo umeme huchukua thuluthi moja tu ya fedha ambazo petroli ingechukua. Kwa mtu anayekwenda kilomita 20,000 kwa mwaka, tofauti hiyo inakaribia shilingi 200,000.

Tofauti hii haikuletwa na hila za wauzaji. Imo katika maumbile ya mitambo yenyewe. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya takribani uniti 9, lakini injini huigeuza robo tu, au zaidi kidogo, kuwa mwendo. Sehemu kubwa iliyosalia hugeuka kuwa joto, ambalo rejeta na bomba la moshi hulitupa nje. Mwenye gari la petroli hununua moto mwingi ili apate mwendo mchache. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaoupokea kuwa mwendo, na gari linapopunguza kasi au kuteremka mlima, mota hiyo hurudisha sehemu ya nishati katika betri.

Isitoshe, gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilishwa, wala plagi, wala chujio la mafuta, wala klachi. Pedi zake za breki hudumu kwa muda mrefu kwa kuwa mota husaidia kulipunguza mwendo. Mwenye gari la petroli aliyezoea kupeleka gari kwa fundi kila baada ya kilomita 5,000 ataona tofauti kabla ya mwaka kwisha.

Yanayofichwa na matangazo

Hata hivyo, mtu akikomea hapo atakuwa amesoma nusu ya kitabu. Kwanza, hesabu iliyopigwa imemchukulia mwenye gari kuwa na mahali pa kulichajia nyumbani. Anayetegemea vituo vya umma vya kuchaji kwa haraka hulipa zaidi, kwa sababu mwenye kituo naye ana mitambo ya kulipia na faida ya kutafuta. Bei ya uniti ikifika shilingi 60, kilomita 100 zitagharimu shilingi 1,020. Umeme bado utakuwa chini ya petroli, lakini ile thuluthi moja itakuwa imegeuka thuluthi mbili.

Pili, bima kamili hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari lililonunuliwa kwa bei ya juu hulipiwa bima ya juu, hata kama halinywi tone la petroli. Tatu, betri huongeza uzito, na uzito hula magurudumu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kuna betri yenyewe. Kampuni nyingi zinazounda magari haya hutoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000. Dhamana hiyo humfaa mnunuzi wa gari jipya. Lakini Mkenya wa kawaida hununua gari kuukuu kutoka Japani, na sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka minane. Gari la umeme lililotumika miaka saba huweza kutua Mombasa likiwa limebakiwa na dhamana ya miezi, au bila dhamana yoyote. Mfano ni Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa Desemba 2010, ambalo betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Leaf za mwanzo zilibeba betri ya uniti 24. Baada ya miaka kadhaa ya matumizi, betri kama hiyo huweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Mnunuzi asiyeipima betri kabla ya kulipa hujikuta amenunua tangi lililojaa mawe: halijai tena lote, wala hakuna wa kumrudishia chake. Rahisi huvunja upishi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gari la petroli lina fadhila ambazo hazionekani katika hesabu ya kilomita 100. Fundi wake yupo katika kila kituo cha biashara, hata chini ya mti. Vipuri vyake vimejaa katika maduka ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mafuta yake hupatikana hata penye kijiji kisichofikiwa na nyaya za umeme, na tangi hujaa kwa dakika tano. Likikongoka, huuzwa kwa urahisi kwa sababu mnunuzi wa pili anajua anachokinunua. Fadhila hizi zina thamani ya fedha, na mwenye kuzibeza hajawahi kukwama njiani usiku.

Mwendo ndio hakimu

Hoja hizi zikiwekwa pamoja, jambo moja hujitokeza: uamuzi hutegemea mwendo. Na ichukuliwe kwamba gari la umeme linamzidi mwenzake wa petroli kwa bei ya kununulia kwa shilingi milioni moja, na kwamba kila kilomita humwokolea mwenyewe shilingi 10 za nishati na 2.50 za matengenezo. Mwalimu anayetumia gari lake kwenda kazini na kanisani au msikitini, akamaliza mwaka kwa kilomita 8,000, huokoa shilingi 100,000. Itamchukua miaka kumi kurudisha milioni yake, na kufikia hapo betri itakuwa imezeeka pamoja naye. Anayekwenda kilomita 20,000 huirudisha kwa miaka minne. Dereva wa teksi anayekwenda kilomita 40,000 huirudisha kwa miaka miwili, iwapo hana mkopo wenye riba kubwa.

Basi kejeli iliyopo ni kwamba gari la umeme husifiwa zaidi na wale ambao huliegesha kutwa nzima nje ya ofisi, ilhali faida yake halisi ipo kwa chombo kisichopumzika. Chombo hicho nchini Kenya ni matatu, teksi na pikipiki. Hapana ajabu kwamba mabasi ya umeme yalipoanza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka 2022 kupitia kampuni ya BasiGo, mpango uliobuniwa ulikuwa wa kumtoza mwenye basi kwa kila kilomita anayokwenda, ili mzigo wa betri usimwangukie kwa siku moja. Waliobuni mpango huo walitambua kwamba kikwazo cha mwenye matatu hakikuwa gharama ya kila siku. Kikwazo kilikuwa bei ya siku ya kwanza.

Mizani ya bodaboda

Pikipiki ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 120 kwa siku, kwa pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, huhitaji lita tatu, yaani shilingi 540. Pikipiki ya umeme huhitaji takribani uniti tano kwa mwendo huo. Kwa shilingi 30 kila moja, ni shilingi 150. Shilingi 390 huokolewa. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni shilingi 117,000. Kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na mtoto wa kusomesha, hizo si fedha za kupuuzwa.

Lakini je, shilingi 150 hizo zinapatikana wapi? Mwendeshaji anayeishi katika chumba cha kupanga, ambamo mita ni ya mwenye nyumba na waya mmoja huhudumia vyumba kumi, hawezi kuchaji betri ndani bila kuzusha ugomvi. Hana budi kwenda kwenye kituo cha kubadilishia betri, aache iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Huduma hiyo ni ya haraka na inamwondolea hofu ya betri kuzeeka mikononi mwake. Hata hivyo, bei yake hupangwa na kampuni, nayo hujumuisha umeme, kodi ya betri na faida. Iwapo kituo kitamtoza shilingi 350 kwa siku, akiba yake itashuka kutoka shilingi 390 hadi 190. Zaidi ya nusu ya nafuu iliyozaliwa na umeme itakuwa imeingia mfuko mwingine. Tena pikipiki ya petroli humruhusu kuhama kituo kimoja cha mafuta akaenda kingine chenye bei ya chini, ilhali betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine. Aliyefungwa kwa betri hana soko.

Kutokana na hayo, viwango vya pamoja vya betri si suala la wahandisi peke yao. Ni suala la haki ya mlaji. Pasipo viwango hivyo, mwendeshaji atakuwa ametoka katika utumwa wa tarehe 14 akaingia katika utumwa wa mkataba.

Kodi na mvuke

Wapo wanaosema kwamba umeme unashinda kwa sababu tu petroli imebebeshwa kodi. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa hesabu. Ni kweli kwamba takribani shilingi 80 katika kila lita ya petroli ni kodi na tozo. Kodi ya thamani ya ziada kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na tozo ya kukarabati barabara ikaongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Lakini hata kama shilingi hizo 80 zingeondolewa zote, kilomita 100 kwa petroli zingegharimu takribani shilingi 830, ilhali umeme, ukiwa bado na kodi zake, ungebakia shilingi 510. Ushindi ungepungua, lakini usingepotea.

Hata hivyo, hoja hiyo ina onyo ndani yake. Barabara hukarabatiwa kwa tozo ya mafuta. Magari ya umeme yakizidi, pengo litaonekana, na serikali haitakosa njia ya kuliziba. Anayenunua gari la umeme leo asidhani kwamba gharama ya leo itakuwa ya milele. Isitoshe, bili ya umeme nayo hubadilika kila mwezi kwa kufuata gharama ya mafuta ya mitambo ya kuzalishia umeme na thamani ya shilingi.

Kwa upande wa taifa, mizani huelemea umeme. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilisitisha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo petroli yote hufika nchini ikiwa imekwisha kusafishwa ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Umeme, kwa sehemu kubwa, huzalishwa humu nchini. Wakenya wameuita stima kwa miaka mingi, neno lililotokana na meli na mitambo ya mvuke. Leo jina hilo limepata ukweli mpya, kwani takribani asilimia 40 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, hasa kule Olkaria. Mvuke huo hauzimwi usiku kama taa. Mahitaji yanaposhuka, sehemu yake huachwa ipotelee hewani. Aprili 2023, EPRA iliweka kwa mara ya kwanza bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa za usiku zenye mahitaji madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Hatua hiyo ni ya busara, kwa kuwa anayechaji saa moja jioni huongeza mzigo wakati nchi nzima inapopika, lakini anayechaji saa saba usiku hutumia mvuke ambao ungepotea bure. Dosari ni kwamba bei hiyo humfikia mwenye kituo, si mpangaji asiye na mita.

Mkataba kwa lugha gani?

Hapa ndipo wasomi wa Kiswahili wanapoingia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini mkataba wa pikipiki ya umeme, unaotaja riba, kodi ya betri, mwendo wa mwisho wa siku na adhabu ya kuchelewa, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza na kutiwa sahihi na mtu anayefanya hesabu zake zote kwa Kiswahili.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya. Dai hilo halina mashiko. Betri, chaja, kuchaji, uniti, mkopo, riba, dhamana, bima, kodi, uchakavu: yote ni maneno yanayotumika tayari, dukani na gereji. Linalokosekana ni mtu wa kuyapanga katika ukurasa mmoja unaoeleweka, unaomwonyesha mwendeshaji atalipa nini kwa kila kilomita, atalipa hadi lini, na betri ni ya nani deni likiisha. Mwanafunzi wa tafsiri anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

Hapana shaka umeme utaendelea kuwa na gharama ndogo kwa kila kilomita kuliko petroli, maadamu injini inaendelea kutupa joto na Olkaria inaendelea kutoa mvuke. Swali lililosalia ni akiba hiyo itakaa mfukoni mwa nani. Ikiachwa iende itakako, itakwenda kwa mwenye mtaji, mwenye gereji nyumbani na mwenye kuelewa mkataba. Ikielekezwa kwa viwango vya pamoja vya betri, mikopo yenye riba nafuu, mita kwa mpangaji na mikataba inayosomeka, itamfikia anayezunguka kutwa kwa kilomita 120. Huyo ndiye ambaye jioni ya tarehe 14 bado amesimama kwenye steji, amelaza sikio redioni, akingoja kuambiwa unga wa kesho utakuwa kiasi gani.